Maswali ya Wasomaji: Kutoka Chuo cha Jamii Hadi Shahada ya Fizikia

SWALI: Nimejiandikisha katika chuo cha jamii (community college, chuo cha miaka miwili) hapa California na ninaanza Agosti. Nataka kuhamia chuo kikuu nisome fizikia. Nimeambiwa nikusanye yuniti 60 (vipimo vya masomo niliyomaliza), yaani 15 kila muhula kwa miaka miwili. Hisabati ninaanzia prekalkulasi, somo linaloandaa kalkulasi. Hesabu hiyo inatosha? – Msomaji, Sacramento

JIBU: Yuniti 60 za mihula ni sharti la kweli. Ukiwa nazo, University of California (UC) na California State University (CSU) hukupokea kama mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Ila kwa mtu wa fizikia, yuniti ndizo rahisi kupatikana. Kinachoamua utahama lini ni mnyororo wa hisabati: kalkulasi ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha milinganyo ya diferensia na aljebra ya mstari. Zile kalkulasi tatu lazima zifuatane, haziwezi kusomwa kwa pamoja hata uwe hodari namna gani. Fizikia yenyewe imefungwa kwenye mnyororo huohuo: umekanika (fizikia ya mwendo na nguvu) unadai kalkulasi ya kwanza, na umeme na sumaku kwa kawaida hudai umekanika pamoja na kalkulasi ya pili.

Mtu anayeanza Agosti na kalkulasi ya kwanza hufika hivi: Januari anasoma kalkulasi ya pili na umekanika, Agosti ya pili, kalkulasi ya tatu na umeme na sumaku, Januari ya mwisho, milinganyo ya diferensia, aljebra ya mstari, na fizikia ya tatu, yaani mawimbi, nuru, joto na fizikia ya kisasa. Ni mihula minne kamili, bila hata nafasi moja ya kurudia somo.

Wewe unaanza hatua moja nyuma. Ukifuata mpango wa 15 kila muhula, mwisho wa mwaka wa pili utakuwa na yuniti zako 60 mkononi, lakini utakuwa ndiyo kwanza umemaliza kalkulasi ya tatu na umeme na sumaku. Fizikia ya tatu itakuwa bado, na katika vyuo vidogo somo hilo hufundishwa mara moja tu kwa mwaka. Kwa kuwa kampasi za UC hupokea wanaohamia hasa katika msimu wa vuli, muhula mmoja uliochelewa hugeuka kuwa mwaka mzima.

Dawa ni kiangazi. Kama bado kuna nafasi, soma prekalkulasi kabla ya Agosti. Kama muda umepita, tumia kiangazi cha kwanza kwa kalkulasi ya pili, lakini usichukue kazi ya kutwa wiki hizo, maana yaliyofundishwa kwa muhula mzima hubanwa katika wiki sita au nane. Umeme na sumaku usiusome kiangazi. Somo hilo linahitaji muda wa kuzoea vekta na integrali za juu ya nyuso, na mwaka wa tatu wote wa chuo kikuu umejengwa juu yake.

Leo hii fungua tovuti ya assist.org. Chagua chuo chako, kampasi unayoitaka na fani ya fizikia, upate orodha ya masomo yanayokubaliwa. Fanya hivyo kwa kampasi tatu au nne, maana hazidai mambo yale yale: nyingine hutaka kemia, nyingine programu ya kompyuta. Angalia pia mahali ambapo masomo mawili au matatu ya fizikia yamefungwa pamoja kama kifurushi. Hapo ukisoma sehemu tu, au ukimalizia chuo kingine, unaweza kukosa yote. Kisha muulize mkuu wa idara, si mshauri wa jumla pekee, fizikia ya tatu itafundishwa muhula gani. Panga ukianzia somo hilo na kurudi nyuma.

Masomo ya jumla yasikule nafasi. UC inataka uandishi wa Kiingereza mara mbili, hisabati moja, na masomo manne kutoka angalau maeneo mawili: sanaa na utu, sayansi ya jamii, sayansi ya asili. Fizikia na kalkulasi zako zinajaza sehemu ya hayo. Hayo mengine yagawe moja kwa kila muhula, yakupumzishe na maabara.

SWALI: Kipi bora kwa fizikia: TAG au shahada ya kuhamia (ADT)? – Msomaji, Fresno

JIBU: Ni milango ya nyumba mbili tofauti. TAG (Transfer Admission Guarantee) ni dhamana ya UC ya kukupokea, kwa kampasi sita: Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara na Santa Cruz. Berkeley, Los Angeles na San Diego hazimo. Unachagua moja tu, na fomu hujazwa tarehe 1 hadi 30 Septemba, ukiwa tayari na yuniti 30. Wengi huteleza hapa: TAG haichukui nafasi ya maombi yenyewe, ambayo hutumwa kuanzia Oktoba 1 hadi mwisho wa Novemba. Soma pia masharti ya fani katika kampasi hiyo, kwani wastani wa alama (GPA) wa 2.4 ambao ni kima cha chini cha UC kwa wakazi wa California hautoshi kwa TAG.

ADT inakuhakikishia nafasi ndani ya CSU, ingawa si lazima iwe kampasi uliyoipenda. Kiini chake kwa fizikia ni fizikia tatu na kalkulasi tatu. Milinganyo ya diferensia haimo kwenye kiini hicho. Isome hata hivyo, la sivyo utaingia mwaka wa tatu huku wenzako wakitatua mlinganyo wa Schrödinger, ule wa msingi wa fizikia ya kwanta, nawe bado unajifunza mbinu.

SWALI: Nilisoma fizikia mihula miwili nikiwa nataka udaktari, nikapata B zote. Zitahesabiwa? – Msomaji, Oakland

JIBU: Kama ilikuwa fizikia ya aljebra, yaani isiyotumia kalkulasi, kwa fani hii haihesabiki. Utaanza upya na ile ya kalkulasi, na kwa kawaida UC haitakupa yuniti kwa zote mbili kikamilifu kwa sababu mada zinarudiana. Kama ilikuwa ya kalkulasi, B hizo zishike: UC haitambui kurudia somo ulilopata C au zaidi. Ukipata D ndiyo urudie, na mapema, kabla mnyororo haujakatika.