Kabla hujawachongea gemu watu wa nje, hesabu raundi za marekebisho

Vijana mnaochonga vitu vya 3D kwenye kompyuta mnaonijaza meseji "kaka, kazi za magemu za nje zinalipa?", jibu fupi ndio zinalipa, jibu refu linaanza na kasha moja lililonitoa jasho wiki tano.

Ilikuwa kazi yangu ya kwanza ya maana. Studio moja ya Ulaya ilikuwa inatengeneza gemu ya maharamia, wakaipa kazi kampuni ya kati, na ile ya kati ikanimegea mimi niko zangu Tabata na kompyuta inayonguruma kama mashine ya kusaga. Ndo biashara ilivyo, gemu kubwa siku hizi haipikwi jiko moja, kuna makampuni kazi yao ni kuwatengenezea wengine tu. Keywords ilianzia Dublin 1998, Virtuos ilianzia Shanghai 2004, na hao Virtuos ndo walioshirikiana na studio ya Bethesda kuifufua gemu yao ya zamani, Oblivion, ikatoka upya 2025. Sisi wadogo tunaokota yanayodondoka huko chini: mapipa, viti, taa, masanduku.

Mimi likanidondokea kasha. Picha waliyonitumia ni kasha la mbao lenye njumu za shaba, nikacheka peke yangu, maana bibi yangu Pangani analo kama hilo hilo, anafungia kanga zake. Basi nikajitia fundi. Nikachonga njumu moja moja, zaidi ya mia mbili, na kila moja duara limekaa sawasawa. Maelezo ya kazi yalisema pembetatu, yaani vile vipande vidogo vinavyounda umbo la modeli, zisizidi 3,000. Langu lilikuwa na 41,000.

Likarudi siku hiyo hiyo, na walikuwa na haki. Njumu hazitakiwi kuwepo kabisa kwenye modeli ya mwisho. Unachonga toleo zito pembeni, unabeki, yaani kompyuta inavigeuza vile vivimbe kuwa picha, ile picha unalivalisha kasha jepesi, mwanga ukipiga jicho linadanganyika linaona njumu. Halafu vipimo navyo vikaniumbua, Blender, programu yangu ya kuchongea, inahesabu mita, Unreal, programu yao ya kuundia gemu, inahesabu sentimita, kasha likaingia kwenye gemu likiwa dogo kama punje ya hindi.

Hayo makosa yangu, nayabeba. Kilichonimaliza ni yaliyofuata. Raundi ya tatu wanataka kutu kwenye kufuli, ya tano mbao iwe nyeusi, ya saba mbao irudi ilivyokuwa (naapa), ya tisa wakaleta picha mpya kabisa, kifuniko sasa cha mviringo. Hapo si marekebisho tena, hapo ni kasha lingine! Bei ile ile, dola 80. Nikaenda kuufungua mkataba nikiwa nimevimba, nakuta imeandikwa nitarekebisha "mpaka mteja aridhike", na chini sahihi yangu. Nilisaini sijasoma, dola zilikuwa zimeshanipanda kichwani.

Siku hizi naandika hivi: bei hii ina raundi mbili, ya tatu inalipiwa, na picha ya mfano ikibadilika tunaanza kazi mpya. Nilidhani watanikimbia, wapi, wasimamizi wa uzalishaji wamelizoea hilo, anayeng'aka mara nyingi ndo yule yule angekusumbua. Na sitii rangi kabla umbo tupu halijakubaliwa kwa maandishi, simu haihesabiki, watu wanasahau walichosema kwenye simu. Kabla ya yote uliza: pembetatu ngapi, teksicha (ile picha ya kulivalisha umbo) iwe na upana wa pikseli 1024 au 2048, inaenda Unreal au mwenzake Unity, mafaili wanayapa majina vipi. Maswali yako yote yatume kwa mkupuo, maana mteja akiwa Montreal saa tatu yake ya asubuhi kwako ni saa kumi au kumi na moja jioni, ukiuliza moja moja wiki inakatika hujagusa hata teksicha.

Jaribio la bure mimi mwisho siku moja. Wakikuambia "tutengenezee chumba kizima tuone kiwango chako", ujue chumba wanakihitaji. Na faili la kazi lenyewe usiachie hela haijaingia, tuma picha na video ya kulizungusha, inatosha kabisa kuona.

Lile kasha? Gemu ilifutwa kabla haijatoka. Mimi nililipwa, sikatai, ila mkataba ulikuwa na kifungu cha siri, cha kutoonyesha kazi, na hakikuwa na tarehe ya mwisho, kwa hiyo kazi yangu nzuri kuliko zote za mwaka ule iko kwenye diski na siruhusiwi kumwonyesha mtu. Sasa hivi naomba iandikwe kwamba gemu ikitoka au ikifutwa, baada ya miezi kumi na mbili naruhusiwa kuonyesha nilichochonga. Wengine wanakubali, wengine wanagoma, na wanaogoma nawaongezea bei.