Njia ya bustani isiyozama masika

SWALI: Ndugu Mhariri, kutoka getini hadi barazani kwangu ni mita 10 za udongo ambao masika hugeuka tope tupu. Nataka kutengeneza njia mwenyewe, slabu za zege zikipangwa katikati na kokoto zikijaza nafasi zinazobaki. Je, ni lazima nitumie saruji chini ya slabu? Na nikitandika nailoni, itazuia magugu?
Msomaji, Tabata, Dar es Salaam

JIBU: Ndugu msomaji, kwa njia ya kupita watu na toroli, saruji chini ya slabu si lazima. Njia nyingi za namna hii hubonyea mvua zinapoanza, si kwa ubovu wa slabu, bali kwa kuwa zimelazwa juu ya udongo laini uliojaa mizizi, tena maji hayakuachiwa pa kutokea.

Pigilia mambo (vigingi), vuta kamba kwa upana wa mita 1, kisha chimba sentimita 18. Mwaga moramu (udongo wenye changarawe) ya sentimita 10 kwa matabaka mawili, ukiilowesha kidogo na kushindilia kila tabaka mpaka kisigino kisiache alama. Kazi hii inachosha, na ndiyo ambayo mafundi wenye haraka huiruka. Pembeni simamisha matofali ya zege au mawe, la sivyo kokoto zitahamia kwenye majani.

Juu ya moramu yote tandaza mchanga wa sentimita 4, kisha panga slabu juu yake. Slabu ya sentimita 45 kwa 45, yenye unene wa sentimita 5, ina uzito wa kilo 24 hivi, kwa hiyo tafuta mtu wa kukusaidia kuilaza, kisha igonge kwa nyundo ya mpira. Njia nzima iinamie upande ulio mbali na nyumba kwa sentimita 1.5 kila mita: chukua ubao ulionyooka wa mita 1, weka kipande cha mbao cha unene huo chini ya ncha ya upande wa chini, na pimamaji (kifaa cha fundi cha kupimia usawa) ikikaa sawa juu ya ubao, mwinamo umepatikana. Ukiacha sentimita 15 kati ya slabu na slabu, hatua ya mtu mzima itaangukia mahali pake, nawe utahitaji slabu 17.

Kokoto ziwe za kusagwa, za nusu inchi, kama zile zitokazo Lugoba, kwa kuwa kingo zake hushikana, ilhali changarawe za mviringo huteleza chini ya mguu. Zijaze sentimita 4, zibaki chini kidogo ya uso wa slabu. Hazitafika theluthi ya mita ya ujazo, hivyo usikubali kuuziwa lori zima. Kirikuu moja inatosha.

Ama nailoni, iache, kwani huzuia maji yasipenye na kuugeuza msingi kuwa dimbwi. Afadhali viroba vilivyofumwa, vikitandikwa juu ya moramu na kufunikwa kabisa na mchanga na kokoto ili jua lisivichakaze. Hata hivyo, magugu mengine yatachipua juu kutokana na mbegu zinazopeperushwa na upepo, na hayo hung'olewa kwa mkono yakiwa machanga.

Slabu ikianza kucheza baada ya mvua, usiichomekee kijiwe pembeni, maana itapasuka. Inyanyue, sawazisha mchanga, uilaze upya.