Treni ya chini ya ardhi au reli nyepesi? Maswali yenu, kutoka Moshono hadi Usa River

Safu iliyopita nilisimulia habari za Scarborough, viunga vya mashariki vya jiji la Toronto kule Kanada. Watu wa huko wamebishana zaidi ya miaka kumi: wajengewe treni ya chini ya ardhi au reli nyepesi? Niliiandika kama habari ya mbali, kumbe nimegusa kidonda cha hapa Arusha. Ujumbe wenu umekuwa mwingi, nami nimechagua machache.

Shikamoo mzee. Hiyo reli nyepesi ni nyepesi kwa vipi? Vyuma vyake ni vyembamba? (Moshono)

Marahaba mwanangu. Wepesi hauko kwenye chuma, uko kwenye mzigo inaobeba na ujenzi inaouhitaji. Ni mabehewa machache ya umeme yanayoweza kupita kandokando ya barabara, juu ya daraja, au hata kuzama chini kwa kipande kifupi. Treni ya chini ya ardhi hutengewa njia yake mwanzo hadi mwisho, haikutani na gari wala mtembea kwa miguu, ndiyo maana inaweza kubeba watu 30,000 na zaidi kwa saa kwa upande mmoja. Reli nyepesi ya Addis Ababa ilisanifiwa kwa watu 15,000. Usiione ndogo. Haisi ya abiria 15 zingetakiwa 1,000 kwa saa kubeba watu hao, yaani moja kila baada ya sekunde tatu na nusu hivi. Hebu ziwazie zinapita pale Sanawari.

Watu wa Scarborough walipangiwa vituo saba vya reli nyepesi, wakang'ang'ania vitatu vya chini ya ardhi. Hawajui hesabu? (Sombetini)

Wanaijua, ndugu yangu. Tuwatendee haki. Scarborough ina watu zaidi ya laki sita, karibu sawa na Jiji la Arusha, ambalo sensa ya 2022 ilihesabu watu 617,631. Tangu 1985 walikuwa na kitreni chao cha kilomita 6 na ushee kilichosumbuka kila theluji ilipoanguka, na kila abiria alilazimika kushuka kituo cha Kennedy kupanda treni kubwa ya kwenda mjini. Miaka thelathini ya kubadili treni kwenye baridi! Walipoambiwa kitakachokuja ni reli nyepesi, wengi walisikia: wa katikati ya mji wanapewa kitu kamili, ninyi chukueni nusu. Jina lenyewe liliwaumiza. Wakaiona kama tramu za mjini zinazokwama kwenye foleni pamoja na magari, ilhali ile ya vituo saba ilikuwa na njia yake peke yake.

Siwalaumu kwa kutaka heshima. Ninachokilaumu ni kugeuzwageuzwa kwa maamuzi. Meya David Miller alitangaza mpango wa reli nyepesi mwaka 2007. Rob Ford akachaguliwa kuwa meya 2010 na kuufuta. Mwaka 2012 madiwani wakairudisha reli nyepesi, 2013 wakahamia chini ya ardhi. Mwaka 2016 mpango ukabaki na kituo kimoja tu, na 2019 serikali ya jimbo ikarudisha vitatu, kwa makadirio ya dola za Kanada bilioni 5.5 kwa kilomita zisizofika 8. Wakati huo kitreni cha zamani kilikuwa kinachakaa. Julai 2023 behewa la nyuma likaacha reli, watu wakaumia, na hakikurudi tena. Abiria wakahamishiwa kwenye mabasi.

Angalia hapo. Laiti wangeshika lolote kati ya hayo mawili na kulimaliza, leo wangekuwa wanapanda. Kilichowala ni miaka.

Mji kama Arusha unaweza kuwa na treni ya chini ya ardhi, au ni ndoto za mchana? (mwanafunzi, Tengeru)

Udogo wa mji peke yake si kizuizi. Rennes ya Ufaransa ina watu laki mbili na kitu, na ina treni ya chini ya ardhi tangu 2002. Lausanne kule Uswisi ni ndogo zaidi, na mwaka 2008 ilifungua njia inayopanda mlima kwa magurudumu ya mpira, kwa sababu mteremko wake ungezishinda treni za kawaida. Sisi tulioegemea Meru tunaelewa.

Ila fedha, mwanangu. Addis Ababa ilijenga reli nyepesi ya takriban kilomita 34, ikafunguliwa 2015, kwa dola za Marekani milioni 475, nyingi zikiwa mkopo wa China. Gawanya zile bilioni za Scarborough kwa kilomita zake: kilomita moja ya kule inazidi gharama ya mtandao mzima wa Addis. Najua mishahara ni tofauti na miaka ni tofauti, lakini pengo hilo halizibiki kwa maelezo hayo. Kuchimba ni ghali popote, na hapa kwetu ungechimba chini ya mito ya Themi, Naura na Goliondoi, uanze na kupampu maji.

Addis nayo haikusalimika. Umeme ulikatika, vipuri vikakosekana, na baada ya miaka michache treni nyingi zilikuwa zimeegeshwa. Kwa hiyo atakayetuletea mradi wowote, nitamuuliza kwanza fedha ya vipuri ya mwaka wa sita inatoka wapi.

Je, mzigo utapanda? (mama wa gulioni)

Swali hili wataalamu hawaliulizi kabisa, na mimi linanikaa rohoni. Jumamosi, siku ya gulio la Tengeru, nilirudi mjini na haisi. Mama mmoja alipanda na mikungu miwili ya ndizi. Konda akaisukuma chini ya kiti cha nyuma hadi magoti yetu yakafika kidevuni, na kikapu cha nyanya mama akakipakata. Alilipa nauli tatu: yake na mbili za mzigo. Nyanya za chini zilikuwa zimeshaanza kuvuja kwenye kanga yake kabla hatujafika Philips.

Mama, behewa ambalo sakafu yake iko sawa na jukwaa la kituo linaingiza toroli bila kumwomba mtu msaada. Mkiitwa kwenye mkutano wa kutoa maoni, nendeni na mikungu yenu.

Sisi madereva tutakula wapi? (dereva, njia ya Usa River)

Kaka, hofu yako ni ya haki. Mwendokasi ulipoanza Dar es Salaam mwaka 2016, daladala za barabara ya Morogoro zilihamishiwa njia nyingine, na wapo walioumia. Lakini treni haiingii Kwa Mrombo ndani wala haipandi Moshono juu. Lazima kuwe na wa kuwaleta watu kituoni, na kazi hiyo iandikwe kwenye mkataba kwa majina ya vyama vyenu kabla jiwe la msingi halijawekwa.

Kwani reli si ipo tayari? Kwa nini tusiitumie hiyo? (Usa River)

Hapa ndipo nilipotaka tufike. Reli ilifika Moshi 1911 na Arusha 1929. Treni ya abiria kutoka Dar es Salaam ilirudi Moshi Desemba 2019 na Arusha Oktoba 2020, lakini ni ya safari ndefu, haimsaidii mtu wa Usa River anayetakiwa kazini saa mbili asubuhi.

Cairo, waliofungua treni ya chini ya ardhi ya kwanza Afrika mwaka 1987, hawakuchimba njia nzima. Walikuwa na reli mbili za zamani za viungani, ya Helwan na ya El Marg, wakaziunganisha kwa handaki fupi katikati ya jiji. Jirani zetu wa Nairobi walifungua stesheni ya Syokimau mwaka 2012 ili treni za viungani ziwafikie watu wa huko.

Mimi nasimama hapo. Tuanze na treni za asubuhi na jioni kati ya Usa River na stesheni ya Arusha, zinazotimiza muda, na haisi zikisubiri pale nje. Watu wa Ngaramtoni na Kisongo hazitawafaa, maana reli inaishia stesheni. Hao watengewe njia ya mabasi sasa, wakati nafasi bado ipo. Handaki, kama litahitajika, watalichimba wajukuu, kwa kipande cha katikati ya mji tu.

Nimeonyeshwa kiwanja cha bei rahisi sana kando ya reli. Ninunue? (hakutaja anapoishi)

Usinunue. Nenda kwanza ofisi ya ardhi, uombe ramani inayoonyesha hifadhi ya reli inaishia wapi. Ukimwambia muuzaji mwende wote, utajua kwa nini ni rahisi.