Kazi za teminali, kwa kipanya

Niliwahi kupoteza picha za safari nzima kwa amri ya mstari mmoja niliyoiandika kwenye teminali, yaani dirisha la kuandikia amri. Nilitaka kuzipa majina mapya kwa namba, nikaandika kitanzi, yaani amri inayojirudia kwa kila faili, chenye mv, amri ya kuhamisha faili na kuzibadilisha majina, nikasahau kuongeza namba kila mzunguko. Picha zote zikapewa jina lile lile, na mv haiulizi: huandika juu ya faili iliyopo na kuendelea. Ikabaki picha moja, ya mwisho. Chaguo la -n, linaloizuia mv kuandika juu ya faili iliyopo, lingeniokoa, ila nililijua baadaye.

Tangu hapo majina nabadilisha kwa dirisha. Natumia Linux yenye mazingira ya eneo-kazi ya Xfce, na meneja wake wa faili ni Thunar. Chagua faili kadhaa, bonyeza F2, na utaona majina ya sasa upande mmoja na majina mapya upande wa pili. Unasoma, unarekebisha, na hakuna kinachoguswa mpaka ukubali. GParted, programu ya kugawa diski, nayo hupanga kazi foleni. Diski haibadiliki mpaka uamuru zitekelezwe. Hilo la kuona kabla ya kutenda ndilo lililonivuta, kuliko hata kukwepa kukariri amri.

Ila kuna kazi ambazo hazina kitufe popote. Hizo jitengenezee. Katika menyu ya kuhariri ya Thunar kuna sehemu ya kuongeza vitendo vyako, ambavyo hutokea ukibofya faili kwa kitufe cha kulia. Nilichoanza nacho mimi ni cha kupunguza upana wa picha kubwa, kwa programu ya ImageMagick:

mogrify -resize 1600 %F

Namba 1600 ni upana mpya kwa pikseli, na alama ya %F husimama badala ya faili zote ulizochagua. Kisha nenda kichupo cha masharti, weka tiki kwenye faili za picha tu, ili kitendo hiki kisijitokeze ukiwa umebofya kitu kingine. Na uwe mwangalifu sana: mogrify hufuta picha asili kwa kuweka ile mpya mahali pake. Fanya kazi juu ya nakala. Mimi kila amri huijaribu kwanza teminalini, kwenye folda ya majaribio, ndipo naikabidhi kwa kipanya.

Vitendo hivyo Thunar huvihifadhi katika faili iitwayo uca.xml, ndani ya .config/Thunar katika folda yako ya nyumbani. Ukihamia kompyuta nyingine, ichukue.