Tumbo la Sponji

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita mliuliza: "Je, waandishi wa riwaya za fantasia, zile za falme za kubuni, majoka na mapanga, wanawatendea haki wahusika wanene?" Nililisoma swali hilo nikiwa kwenye cherehani, mguu juu ya pedeli, nikalirudia, kazi ikanishinda. Mteja nilimwambia arudi kesho.

Mimi ni fundi nguo, nina fremu Majengo hapa Moshi. Vitabu hivyo vinanifikia kupitia mdogo wangu ambaye ni "mgumu", yaani mpagazi, anabeba mizigo ya wageni Kilimanjaro. Wageni wakishuka mlimani huacha vitabu hotelini, naye huniletea vile vinene vyenye upanga kwenye jalada maana anajua ninavyovipenda. Nasoma taratibu, kamusi pembeni.

Jibu langu la kwanza ni hapana, hawawatendei haki. Mchukueni Bombur wa The Hobbit, kitabu cha Mwingereza Tolkien cha mwaka 1937. Mbilikimo 13 wako safarini, yeye ndiye mnene, na kazi aliyopewa ni kuwa mzigo. Anatumbukia kwenye mto wa usingizi katikati ya msitu, wenzake wenye njaa wanambeba siku kadhaa huku yeye anaota karamu. Katika The Lord of the Rings ya mwandishi huyohuyo tunapewa habari zake mara moja tu: amenenepa hata anahitaji vijana sita wamnyanyue kumpeleka mezani. Basi, kwaheri Bombur.

Halafu humohumo kuna Fredegar Bolger, ambaye rafiki zake wanamwita Fatty, yaani Bonge. Wenzake wanaondoka, yeye anabaki nyumbani ili adui adhani Frodo, shujaa wa safari, bado yumo. Wapanda farasi weusi wanakuja usiku, anachomoka kwa mlango wa nyuma na kuamsha watu. Baadaye anaongoza kundi la waasi mafichoni, anakamatwa, anatupwa gerezani. Anapotolewa, katika kitabu cha mwisho cha 1955, hawezi hata kutembea, na mwandishi anatuambia kwamba sasa huyu si Fatty tena. Pale nilifunga kitabu. Mtu amepigania kwao, na anachopewa mwishoni ni kukonda.

Lakini sikuacha kazi kwa ajili ya Bolger. Niliacha kwa sababu ya sponji.

Mwaka 2019 mwalimu wa shule moja ya hapa mjini aliniletea oda ya mavazi ya igizo la mahafali ya darasa la saba. Igizo alilitunga mwenyewe, amechota huku na kule kwenye sinema: mfalme, malkia, mashujaa wanne, joka la kuvaliwa na watoto sita chini ya shuka moja, na bwana mmoja mlafi anayeficha chakula ngomeni wakati watu wanakufa njaa. Walikuja kupimwa Jumamosi, foleni mpaka barazani.

Mvulana wa kuigiza bwana mlafi alikuwa wa mwisho, miaka 12 au 13. Fundi yeyote atawaambia kwamba mtu mnene akiona futi inaelekea kiunoni hubana tumbo. Wengine hata hawajui kama wanabana. Ukimpima hivyo nguo itamkaba akishaanza kupumua, kwa hiyo mimi husubiri. Nilimwambia, "Pumua, mwanangu." Akapumua. Inchi 37. Zamani nilikuwa nataja vipimo kwa sauti ili msaidizi aandike. Niliacha siku bibi harusi mmoja alipotokwa na machozi mbele ya mashoga zake. Sasa naandika mwenyewe, kimya. Mwalimu akachungulia daftari, akasema, "Fundi, hapo tumboni muongezee sponji. Anatakiwa aonekane mpaka nyuma ya ukumbi."

Mtoto akamtazama. "Mwalimu, si ninalo tayari?"

Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtoto anavyouliza kama daftari alilonalo linatosha kwa somo hilo au anunue jingine. Wenzake barazani wakacheka, mwalimu akacheka, na mimi nikaandika "sponji". Hilo linanisumbua hadi leo. Nilikuwa na kalamu mkononi, nikaandika.

Nilikata sponji ya godoro kuukuu, unene wa inchi nne, nikaichonga kwa kisu ikawa duara, nikaivika bitana, nikaishikiza kwa mishono mirefu ndani ya koti la velveti ya zambarau. Velveti hiyo ilikuwa imebaki kwenye kazi ya mteja mwingine, na mfalme alipata satini ya bei ya chini, kwa hiyo koti la mlafi likawa zuri kuliko vazi la mfalme.

Kwenye mahafali nilikwenda. Mtoto alipoingia jukwaani ukumbi ulilipuka kwa kicheko hata hajasema neno. Joka lilipotokea alikimbia kama alivyofundishwa, akaanguka kama alivyofundishwa, mshono mmoja ukaachia na tumbo likahamia ubavuni. Watu wakazidi kucheka. Jirani yangu kwenye benchi alikuwa bibi mmoja aliyeshuka kutoka Kibosho, kichane cha ndizi miguuni pake, bibi yake yule mtoto. Yeye hakucheka. Alikuwa akipiga makofi tangu mjukuu wake atokee. Akaniinamia sikioni: "Mwanangu, mbona mfalme wao anakimbia?"

Kwake yeye, mwenye tumbo na velveti ndiye mangi, mtawala wa Kichaga. Yule mwembamba mwenye taji la karatasi hakumhesabu kabisa. Sikumsahihisha.

Wiki iliyofuata mtoto alikuja dukani peke yake, koti kalikunja vizuri, sponji kaishika mkono mwingine. "Shikamoo fundi. Mama amelilipia koti kwa mwalimu. Unaweza kulipunguza linitoshe mimi?" Alilitaka kwa ajili ya Krismasi. Nilifumua mishono yote ya ubavuni nikaanza upya, sikumtoza hela. Nilipompima mara hii hakubana tumbo.

Mnaona nimetoka nje ya swali. Mliuliza kuhusu waandishi, nami najibu kuhusu sisi tunaowasoma na kuwatazama, na kadiri ninavyoandika ndivyo hasira yangu inavyowahama waandishi. Hadithi zetu wenyewe zikoje? Zimwi lina tumbo. Linameza ng'ombe, linameza kijiji kizima, mpaka atokee kijana alipasue watu watoke wazima. Na hadithi hiyo tulisimuliwa jikoni, kwenye nyumba ileile ambamo mama aliyejifungua anapikiwa mtori na supu hadi uso ung'ae, na wanaokuja kumpongeza wanamwambia, "Umenawiri!" Jambo hilo hatukuletewa na mtu kutoka Uingereza.

Hata safari zenyewe za vitabu hivyo zinanitatiza. Lazima pawe na mlima, na mnene lazima ahemee chini yake. Mdogo wangu amepanda mlima huu wetu wa mita 5,895 mara nyingi. Anasema vijana wenye misuli wanaokwenda mbio ndio amewashuhudia wakishushwa kwa machela, ugonjwa wa mwinuko umewapiga, na amewaona akina mama wenye miili yao wakifika kilele cha Uhuru kwa sababu walitii walipoambiwa pole pole. Ila naye husema uzito ni uzito, na magoti yanalipa wakati wa kushuka. Siwezi kuificha nusu hiyo ya maneno yake.

Sasa Samwell Tarly wa A Song of Ice and Fire, mfululizo wa vitabu vya George R. R. Martin. Baba yake alimpa achague: aende akalinde Ukuta wa kaskazini maisha yake yote, au siku ya kuwinda farasi wake ajikwae na yeye afe. Anafika Ukutani analia, na mwanzoni nilimchukia mwandishi: mnene tena, mwoga tena. Ila katika kitabu cha tatu, cha mwaka 2000, huyohuyo anamuua kiumbe wa barafu kwa kisu cha jiwe jeusi, na ni yeye anayezunguka kati ya wagombea wawili wakubwa mpaka rafiki yake achaguliwe kuwa kamanda. Yote hayo anayafanya akiwa mnene vilevile, na akiwa na hofu vilevile. Wenzake wanamwita Muuaji kwa kejeli. Mwandishi hashiriki kejeli hiyo.

Na Bwana Manderly, kwenye kitabu cha mwaka 2011 cha mfululizo huohuo! Maadui wanamcheka hawezi kukaa juu ya farasi. Yeye anawaacha wacheke. Wamemuulia mtoto wake, na wageni watatu wa ukoo wa wauaji hao wametoweka, kisha anakuja harusini na mapai matatu makubwa. Kitabu hakisemi wazi kilichomo ndani. Anawakatia maadui vipande, naye anakula. Nilisoma ukurasa huo mara tatu. Ni zimwi letu kabisa, tumbo linalomeza watu, lakini mara hii nilikuwa upande wa zimwi.

Kwa hiyo mkinibana nijibu kama mlivyouliza, nasema ndiyo, wanatendewa haki, angalau na mwandishi huyo mmoja. Nimesoma vichache, vile tu vilivyoachwa hotelini, na wanawake wanene kama mimi sijawaona humo wakipewa hata kisu. Binti yangu nitampa avisome akimaliza kidato cha sita, maana vina mambo ya wakubwa. Ila kwa Bolger sijabadilika. Mwandishi wake alifariki mwaka 1973. Angekuwa hai ningemwandikia na kumwomba arudi pale mlangoni pa gereza, amtoe yule mtu akiwa na mwili wake.