Saini ya Mzazi Haifungi Faili

Wadogo zangu mlioingia juzi kwenye kazi ya ulinzi wa data, hasa mliokabidhiwa faili za shule na za programu za masomo: nasoma rasimu mnazoniletea na naliona kosa lile lile kila mara. Lalamiko kuhusu mtoto likiingia, mnakimbilia kabatini, mnatoa fomu ya idhini, mnaiambatisha, kisha mnaandika kwamba mdhibiti wa data, yaani shule au kampuni inayoamua data itumikeje, ametimiza sheria. Nawapenda na nataka mdumu katika kazi hii, kwa hiyo nivumilieni nikiwa mkali kidogo.

1. Kisomeni kifungu cha 33 hadi mwisho. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi, na papo hapo inataka uchakataji wenyewe, yaani jinsi data inavyokusanywa na kutumiwa, ulinde na kuendeleza haki na maslahi bora ya mtoto. Lazima yote mawili yatimie. Hilo la pili lina mizizi katika Katiba yetu, ibara ya 53, na hakuna mzazi anayeweza kulifuta kwa kalamu.

Kuna kisa ambacho kila mgeni katika kazi hii namsimulia. Shule moja ya kibinafsi iliweka picha za siku ya michezo kwenye Facebook. Msichana wa gredi ya tatu alikuwa ameinua kikombe, chini yake wameandika jina lake kamili na darasa lake, na nembo ya shule inasomeka kifuani. Mama yake alikuwa amehamia kaunti nyingine akimkimbia mume aliyekuwa akiwapiga. Shuleni hakusema lolote. Nani huyaeleza mambo hayo dirishani anapolipia karo? Watu wa ukoo wakaiona picha, wakapongeza, wakaisambaza, na yule mwanamume akajua mtoto anasoma wapi. Alifika hadi langoni. Bawabu alimzuia, lakini mama alimtoa mtoto shuleni siku hiyo hiyo, katikati ya muhula.

Lalamiko lake lilikuwa ukurasa mmoja, kwa mkono. Maafisa waliolipokea walikuwa wapya kama nyinyi, vijana wenye bidii, na walijibu kwa kurasa nyingi kwamba mlezi aliidhinisha. Ni kweli kulikuwa na saini. Nyanya aliyempeleka mtoto kuandikishwa aliweka saini fomu ya kujiunga, na humo, katikati ya mambo ya sare na nauli ya basi, kulikuwa na sentensi inayoiruhusu shule kutumia picha za wanafunzi kwa shughuli zake. Nilipolisoma jibu lile lilikuwa limeshatumwa, na bado linaniuma. Wiki zote walizotumia kuitafuta fomu, picha ilikuwa palepale mtandaoni. Mama hakuomba fidia. Aliandika waziwazi kwamba anataka iondolewe.

Kifungu cha 32 kinampa mdhibiti mzigo wa kuthibitisha idhini, na kinaruhusu idhini iondolewe wakati wowote. Ile barua ya mama ilikuwa ndiyo uondoaji wenyewe. Tena, hata bila barua, mngejiuliza: jina kamili na darasa vilimfaa nini mtoto? Wazazi wangeifurahia picha ile ile bila jina. Hilo ndilo swali la maslahi bora, na huulizwa kabla ya kuchapisha.

2. Iondoeni picha leo, hoja mtazijenga kesho.

3. Mtoto ni mtu ambaye hajatimiza miaka 18. Nimechoka kuona sera za faragha zilizonakiliwa kutoka Marekani zikitaja miaka 13. Hicho ni kikomo cha COPPA, sheria yao ya 1998 ya faragha ya watoto mtandaoni. Ulaya kanuni yao inataja 16, na nchi zinaruhusiwa kushuka hadi 13. Hapa Kenya hakuna hesabu hizo. Sheria inataka pia mfumo wa kuthibitisha umri, lakini msimtake mtoto apige picha cheti cha kuzaliwa ili acheze mchezo wa hesabu. Mtakuwa mmejikusanyia hatari mpya. Kifungu cha 33 kinaruhusu kupima teknolojia iliyopo, wingi wa data na uwezekano wa madhara, pimeni.

4. Adhabu zipo. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja ya Uthiru, Nairobi, shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Upeo wa faini ni shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo. Waonyesheni wakurugenzi tarakimu hizo. Huwa wanasikiliza haraka.

5. Data ikivuja na kukiwa na hatari ya kweli ya madhara, mdhibiti ana saa 72 za kumwarifu Kamishna, na mchakataji, yaani anayeshughulikia data kwa niaba ya mdhibiti, ana saa 48 za kumwarifu mdhibiti. Saa zinaanza pale mnapojua, hata ikiwa Ijumaa jioni.

6. Hili hamlifikii kabisa, nami nalihangaikia kuliko yote. Kifungu kile kile cha 33 kinasema anayetoa huduma za ushauri nasaha au ulinzi wa watoto pekee anaweza kutolazimika kupata idhini ya mzazi. Waliotunga sheria walijua kwamba wakati mwingine mzazi ndiye anayeogopwa. Lakini nimeona programu ya simu ya ushauri kwa watoto ambayo afisa wetu, kwa nia njema, aliipachikia ukurasa wa kwanza unaodai namba ya simu ya mzazi. Mtoto anayepigwa nyumbani akifika hapo atafunga simu, na pengine hatajaribu tena. Mkiletewa huduma ya aina hiyo, hakikisheni kwanza kwamba kweli kazi yake ni hiyo peke yake. Ikiwa ndiyo, ondoeni huo ukurasa, na mahali pake wekeni 116, namba ya bure ya kuwasaidia watoto.