Mwezi Una Moto Ndani Yake?

SWALI: Mhariri, shikamoo. Mwezi unapokuwa mpevu, baba na wenzake hawaendi ziwani kuvua dagaa, kwa kuwa taa zao hushindwa na mbalamwezi. Je, mwezi una moto ndani yake kama karabai? Na kwa nini hutuonyesha upande uleule kila siku?
Mwanafunzi wa darasa la sita, Ujiji, Kigoma.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwezi hauna nuru yake wenyewe. Ni gimba la miamba na vumbi la kijivu, ambalo huakisi takriban asilimia 12 tu ya mwanga wa jua unaoliangukia, na hicho kidogo ndicho kinachowalaza wavuvi nyumbani. Ukiwa mpevu, huchomoza mashariki wakati jua likizama nyuma ya milima ya Kongo, hivyo hukesha angani usiku kucha.

Kuhusu swali la pili, ambalo hata watu wazima hulikosea, weka kigoda katikati ya chumba, ukizunguke huku uso wako ukikielekea daima. Ukimaliza mzunguko mmoja, utakuwa umezitazama kuta zote nne, yaani nawe umejizungusha mara moja. Mwezi hufanya vivyo hivyo kwa siku 27 na ushei. Upande wake wa pili ulipigwa picha kwa mara ya kwanza mwaka 1959, na chombo cha Kisovieti kiitwacho Luna 3.

Sayari pia huangazwa na jua, ikiwemo Zuhura, ambayo watu wengi huidhania nyota.